Zamu ya Mlima

Siku ya kwanza ya zamu ya Nkwini nilifika kwenye ndiva jua halijachomoza, nikakuta maji yamepanda mpaka kwenye ile alama nyeusi ya jiwe, nikafurahi. Mimi si mtu wa kufurahi ovyo. Lakini ndiva ilikuwa haijaifikia alama ile kwa miezi miwili, na watu wa Nkwini, kule chini tambarare, walikuwa wamesubiri siku kumi na tisa huku mahindi yao yakianza kutoa mbelewele. Mkulima yeyote atakwambia kwamba mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele, basi tena. Baadaye hata uyamwagilie maziwa, utavuna magunzi.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo mababu zetu wa Upare walilichimba ubavuni mwa mlima. Usiku chemchemi hulijaza, asubuhi mgawa maji hulifungua, na maji hushuka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Mgawa maji wa ndiva ya Kwekongo ni mimi, Nakijwa Mrutu, mwaka wa ishirini na sita sasa, na ulimi wangu unajulikana mpaka stesheni. Zamani kazi hii ilifanywa kwa mikono. Mimi naifanya kwa kumwomba Mkwe.

Mkwe ni kisanduku cha rangi ya matope, ukubwa wa mzinga wa nyuki, kimefukiwa nusu kwenye ukingo wa ndiva. Jina lake la serikali ni refu na liliandikwa kwenye kibati kilichokwisha kufutika. Sisi tulimwita Mkwe kwa sababu habishiwi, na kwa sababu mbele yake hata mlevi huteremsha sauti na kujifunga shuka vizuri.

Nikasimama kiupandeupande, kama inavyopasa mbele ya mkwe, nikamwamkia, nikamwomba awafungulie Nkwini. Akanyamaza. Katika miaka yote ile hakuwahi kuninyamazia. Kisha akasema, kwa sauti yake ya mtu aliyetoka kula akashiba:

"Zamu ya leo si ya Nkwini. Kuna mwanachama ametangulia."

Nikamwuliza mwanachama gani huyo, maana orodha ya zamu naijua kuliko ninavyoyajua meno yangu mwenyewe. Kabla hajanijibu nikasikia udongo ukiguna. Upande wa mashariki wa ndiva, ambako hakuna mfereji wala shamba wala nyumba, ukuta ulikuwa unalegea. Ufa ukafunguka upana wa mkono wangu, na maji yakaanza kuondoka. Hayakufanya kijito wala hayakutoa sauti. Yalikuwa yanaingia ardhini chini ya msitu na kupotelea humo, na alama nyeusi ya jiwe ikabaki kavu huku nimesimama natazama.

Nikasema lahaula. Mimi ni Msabato na neno hilo si letu, lakini ndilo lililonitoka.

*

Inabidi niseme kuhusu nyuzi, maana bila nyuzi hutanielewa.

Mlima mkubwa wa jirani ulipomaliza barafu yake ya mwisho, mvua nazo zikapoteza adabu, wakaja watafiti na kuvu waliyoilea kwenye chupa. Kuvu ile ina nyuzi nyembamba kupita unywele. Ukiipanda ardhini inakwenda kutoka mzizi hadi mzizi, inabeba habari ya nani ana kiu na nani ameshiba, na kama ina nguvu inabeba na maji yenyewe. Wakaifundisha pia kuishi ndani ya udongo wa ufinyanzi, tukajengewa milango ya ndiva iliyo hai. Mlango ukivimba umefunga, ukilegea umefungua. Milango ya chuma iliyotangulia ilikuwa na mota, na mota zote ziliibwa ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo hata sisi wabishi tulikubali kwamba udongo ni bora. Mkwe anakula ule umeme mdogo wa nyuzi, anasikiliza zinasema nini, na anagawa maji kwa sheria tulizompa sisi.

Sheria yetu ni moja na ni ya kale. Baragumu likipigwa la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuzoa matope ya ndiva, kila nyumba inatoka. Aliyefanya kazi ana zamu. Aliyelala, na alale na kiu.

Sasa watafiti walitaka Mkwe awahesabu wanaofika. Wazee wetu wakakataa katakata. Kwetu watu hawahesabiwi. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi atakwambia wapo, Mungu anawajua. Kuhesabu vichwa ni kuita msiba, na hilo halikuanza jana. Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa msemaji siku ile, nami nilikuwepo, nimembeba mwanangu wa kwanza mgongoni. Baba akawaambia wale wataalamu kwamba mashine yao isihesabu watu wala isiandike majina yao. Ihesabu kazi. Popote kazi itakapotokea kwa ajili ya maji ya ndiva hii, mashine iipime, na mwenye kazi hiyo apate zamu yake.

Wakafurahi sana, wakasema ni rahisi hata kuliko walivyodhani. Tukachinja mbuzi.

Asubuhi ile, nikiwa nimesimama kando ya ndiva inayokauka, nikamwuliza Mkwe kwa ukali nisioruhusiwa kuutumia: mwanachama huyo amefanya kazi gani?

"Anachana ukungu kwa majani yake na kuudondosha ardhini. Anashikilia udongo usijaze ndiva. Hajakosa msaragambo hata siku moja," Mkwe akasema. "Zamu yake ni siku nane."

Nikakaa kwenye ukingo. Baba yangu, Mungu amrehemu, kwa kuogopa kuhesabu watu alikuwa ameuandikisha mlima.

*

Habari haikawii kushuka mlimani. Kabla ya saa nne watu wa Nkwini walikuwa wamefika na majembe yao mabegani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mbele yao alikuwa mdogo wangu Namsifu.

Namsifu ni tumbo moja na mimi. Aliolewa chini, shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji, pale ambapo maji yakifika huwa yamechoka. Misimu miwili mfululizo alikuwa amevuna vya kulisha kuku. Mume wake alikwisha kuniambia, kwa upole wa mtu aliyekata tamaa, kwamba msimu huu ukianguka wanafunga mizigo na kwenda kupanga chumba mjini, yeye na watoto na mama yake mzee asiyeona. Nilipofumba macho usiku niliiona ile nyumba imefungwa mlango na paka amebaki nje. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi kuliko mbelewele za watu wote.

Nikawaeleza yote bila kuficha. Wengine walicheka kwa hasira, wengine wakatema mate. Mmoja aliuliza kama mlima nao utakuja kupiga kura. Namsifu hakucheka. Alisema mlima hauna watoto wa kupeleka shule, na akanikumbusha, mbele za watu, jambo ambalo nilikuwa naomba asilikumbuke.

Chini kabisa ya ndiva, ndani ya matope, kuna kizibo. Ni gogo la mti mgumu ambalo mababu walilipigilia kabla ya nyuzi na kabla ya Mkwe, na mnyororo wake umefungwa kwenye jiwe. Ukilivuta, maji yote, yaliyomo na yanayoingia kila usiku, yanashuka Nkwini na hakuna wa kuyazuia. Mgawa maji peke yake ndiye mwenye haki ya kulivuta. Lakini nyuzi zimekwisha kulizunguka gogo lile, zimelishika na kupita ndani yake, na fundo lao kubwa liko papo hapo. Watafiti walituonya kwamba kizibo kikitoka, fundo linakatika, na nyuzi za msitu mzima zinakufa ndani ya wiki. Zilichukua miaka thelathini kuenea. Na waliozilea hawapo tena. Kituo chao kilifungwa, chupa zao hazijulikani ziliko.

"Wewe ndiye mwenye mkono wa kuvuta, dada," Namsifu akasema. "Vuta."

Nikaomba muda mpaka jua lianze kulala. Nikasema nataka kwanza nikamwone huyo mwanachama kwa macho yangu, nijue kama kweli anakunywa au Mkwe amezeeka akili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua. Nakiri hapa. Nilikuwa naenda msituni kutafuta sababu ya kunisafisha moyo, nishuke nikavute. Dada kama mimi haachi mdogo wake ahame kwa ajili ya miti.

Namsifu akasema tunakwenda wote, asije akaachwa na hadithi. Akabeba jembe lake.

*

Nilichukua kibuyu changu cha kazi. Ni kibuyu kidogo chenye udongo wa nyuzi ndani yake. Ukikigusisha ardhini popote kwenye msitu unamsikia Mkwe. Tukaingia upande wa mashariki, bondeni, pale ambapo maji yalizama.

Mimi nimezaliwa kwenye mlima ule. Nimeokota kuni mle, nimechuma uyoga, nimejificha mle siku niliyokataa mchumba. Nilidhani naujua. Tulipofika bondeni nikagundua kwamba nilikuwa naufahamu kama mtu anavyofahamu nyumba ya jirani kwa kuchungulia uani.

Miti ilikuwa imenyauka. Sikuwa nimeliona hilo kutoka ndivani, kwa sababu kwa mbali kijani ni kijani. Kwa karibu, majani yalikuwa yamejikunja pembeni, na kuvumwani inayoning'inia matawini kama ndevu ilikuwa inavunjika mkononi. Hapakuwa na ndege. Nikashika gome la mti, lilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Namsifu naye akashika, akaondoa mkono haraka, akaufuta kwenye kanga.

Kisha tukaona maji.

Sijui nilieleze vipi ili usinione mwongo. Maji yalikuwa yanapanda. Ardhi ya bondeni ilikuwa imeloa, na ule ubichi ulikuwa unakwea mteremko, polepole, mwendo wa bibi kizee anayekwenda kanisani. Ulifika kwenye mzizi wa mti, ukasimama kidogo, ukauzunguka, ukaendelea kwenda kwa mti wa juu yake. Udongo ulikuwa unageuka mweusi mbele ya macho yetu, hatua kwa hatua, kuelekea kileleni. Na kila mti uliofikiwa ulikuwa unafanya jambo. Kuvumwani yake ilikuwa inavimba. Majani yaliyojikunja yalikuwa yanafunguka, na yakifunguka yalitoa sauti, ndogo, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, lakini mlima mzima.

Nikapiga magoti. Sikukusudia. Maji yakanipita chini ya magoti yangu yakiwa yanapanda mlima, nikayahisi kwa ngozi, ya baridi, yanakwenda kwa haraka zao. Miaka ishirini na sita nimegawa maji, na sikuwahi kuyaona yakienda kwa mtu yakipanda.

"Dada," Namsifu akaniita kwa sauti ndogo, na sikumgeukia, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Tukafuata ule ubichi. Miti mingine ilirukwa. Ile iliyokuwa na nguvu kidogo ilirukwa, na maji yakaenda kwanza kwa iliyo hoi, na kwa miche. Kuna mti mchanga, haufiki kimo cha goti, uliokuwa umelala kabisa. Ubichi ukakusanyika hapo ukakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, tukasimama tunausubiri, watu wazima wawili, tumesahau mahindi na mume na Nkwini, mpaka ule mche ukainua kichwa. Namsifu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka juzi.

Nikagusisha kibuyu ardhini nikamwuliza Mkwe, kwa adabu sasa, kwa nini mwanachama huyu hakuchukua zamu yake miaka yote.

Mkwe akasema mwanachama alikuwa anatuachia sisi. Kila mwaka wa ukame, msitu ulikuwa unafunga vile vitundu vidogo vya majani yake, unaacha kunywa, na maji ambayo ungekunywa yanatokea kwenye chemchemi. Mwaka huu peke yake umefunga siku arobaini. Maji tuliyoyanywa tangu Januari, Kwekongo na Nkwini, yalikuwa yake. Lakini mti uliofunga majani hauchani ukungu vizuri, na usipochana ukungu chemchemi nazo zinapungua. Mwanachama alikuwa amefika mwisho. Asipokunywa siku hizo nane, msimu ujao hakutakuwa na ndiva ya kugombania.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mtu akimwachia jirani zamu, hatangazi," Mkwe akasema. "Ndivyo mlivyonifundisha."

Ni kweli. Ndiyo desturi yetu. Ukimwachia mtu zamu ukaenda kuitangaza sokoni, umemwaibisha yeye na umejiaibisha wewe. Mlima ulikuwa na adabu ya Kipare kutuzidi Wapare.

*

Tulifika mpaka kwenye mti mkubwa wa mkulo, ule unaoitwa Mama, chini kidogo ya kilele. Watu watano wakishikana mikono hawauzunguki. Hapo ndipo nilipomwambia Namsifu kwamba sitavuta kizibo.

Nilimwambia nikimtazama machoni. Nilimwambia ninajua ninachomfanyia, na kwamba watoto wake, na mama mkwe wake asiyeona, na ile nyumba, vyote vitakuwa juu ya roho yangu mpaka nife. Akanitolea uvivu. Aliniita majina ambayo sitayaandika, akaniuliza kama siku ya mazishi yangu nitabebwa na miti. Alikuwa na haki ya kila neno.

Kisha akaliinua jembe.

Nilidhani atapiga shina, au atachimba azikate nyuzi mwenyewe, na nakwambia sikuwa na nguvu ya kumzuia. Akatembea mpaka kwenye mizizi ya mkulo. Akainama. Akalilaza jembe chini, taratibu, mpini umeelekea kwenye mti.

Nikaelewa.

Kwetu, mwenye shida anaweza kuazima zamu ya mwenzake. Hapeleki maneno mengi. Anakwenda mlangoni kwa mwenye zamu na jembe lake, analilaza chini, mpini umwelekee mwenyeji, maana yake ni kwamba mikono yangu ni yako. Kisha anakaa kimya mpaka ajibiwe. Na kuna masharti mawili ambayo hakuna anayeyavunja. Huazimi kwa ajili yako peke yako, unaazima kwa ajili ya mfereji wote. Na wewe uliyeazima unakunywa wa mwisho.

Namsifu, ambaye shamba lake ni la mwisho hata bila sharti, alikaa chini, akakunja miguu, akajifunika kanga kichwani. Nikakaa kando yake. Sikumshika mkono. Jua likapita juu yetu likaanza kuteremka upande wa pili. Ule ubichi wa ardhi ukatufikia, ukaugusa mpini wa jembe, ukasimama.

Sikuwa na wazo mti utajibu vipi. Nilikuwa nasubiri Mkwe aseme.

Hakukuwa na upepo hata kidogo, na mkulo ukaanza kuangusha majani. Majani mabichi, mazima. Yalianza machache kutoka tawi la juu, kisha tawi likafuata tawi, mpaka yakawa yanashuka kwa wingi hivi kwamba sikumwona Namsifu aliyekuwa karibu nami. Harufu yake kali ikajaa mahali pote, ile ya dawa ya kifua ambayo mama alitupaka utotoni. Yalitujaa mapajani na mabegani. Tulikaa ndani ya mvua ile ya majani, na sikuogopa.

Yalipokwisha, Mama alikuwa amebaki matawi matupu, na anga lilionekana mahali ambapo halijawahi kuonekana.

Mkwe akasema kibuyuni kwamba mwenye zamu amekubali. Ameondoa sehemu yake iliyokuwa inakunywa kuliko zote, ili kilichobaki kimtoshe. Nkwini wana siku tatu.

Namsifu akainuka, akaliokota jembe lake lililofunikwa na majani. Akauwekea ule mti kiganja, kwenye gome. Akasema ahsante, mama, kama anayemwambia mtu aliyempokelea mtoto.

*

Maji yalishuka Nkwini siku tatu. Nilisimama pale ndivani asubuhi zote tatu nikauona mlango wa udongo ukilegea wenyewe. Kule chini kila mmoja alimwagilia kwa haraka na kwa adabu, akafunga, akampisha wa pili. Hakuna aliyeiba hata kikombe cha maji, na hilo kwa watu wa Nkwini ni muujiza kuliko huo wa majani.

Yalifika kwa Namsifu jioni ya siku ya tatu, ulimi mwembamba uliojaa takataka. Yalitosha mistari minne. Mume wake alikuwa amesimama mwisho wa mstari wa nne na jembe, anausubiri wa tano, mpaka tope likaanza kupasuka. Mistari mingine yote ikaungua. Nililia kwa ajili ya ile mistari kuliko nilivyolia msituni, na bado sijui kama nilitenda haki. Watu wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo, sijui. Najua tu kwamba wale waliopata maji wote walivuna, na kwamba kila nyumba ya Nkwini, bila kuambiwa na mtu, ilipeleka debe moja la mahindi mlangoni kwa Namsifu na kuondoka bila kubisha hodi.

Hawakuhama. Mume wake alifunga mizigo, ni kweli, magunia mawili na sanduku. Namsifu akayafungua. Alimwambia yeye ana kazi mlimani, ameshalaza jembe, na aliyelaza jembe hahami.

Kwa hiyo siku hizi, kila Jumatano, anapanda. Anapita hapa kwangu asubuhi na ndoo kichwani na jembe begani, tunaamkiana. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa salamu tu na hakuna zaidi. Sasa anaingia, anakunywa uji, ananisema kidogo, anaendelea na safari. Anafika kwenye mkulo, anaumwagilia, anazoa majani makavu anayafukia kwenye mizizi. Nilikwenda naye Jumatano iliyopita. Ukungu ulikuwa umerudi mzito, unapita kwenye miti na kudondoka, na mlima wote ulikuwa unatiririka. Kwenye tawi la chini kabisa la Mama palikuwa na machipukizi matatu, mekundu, hayajafikia kucha. Namsifu alinionyesha kwa kidevu, maana kunyoosha kidole si adabu.

Tuliporudi nikapitia ndivani kuangalia kazi za siku, kama ninavyofanya kila jioni. Kutoka kule juu, kwenye mkulo, Mkwe alikuwa amepima kazi moja tu, kubwa, ya kutwa nzima. Hakutenganisha ipi ilikuwa ya mdogo wangu na ipi ilikuwa ya mti.

Nami sikumwuliza.